Kabla ya Kuilaumu Stata

Msimu wa korosho ukifika, malori ya zamani ndiyo yanayobeba magunia kutoka vyama vya msingi vya Newala na Masasi kwenda maghalani. Alfajiri dereva anazungusha ufunguo, anasikia "ta!" moja, kisha kimya. Utingo anatumwa kuita watu wasukume.

Wengi husema stata imekufa. Mara nyingi inaonewa bure; tatizo ni waya. Waya mwembamba wa swichi hupeleka amri tu. Mzigo wenyewe, mamia ya ampea, hupita kwenye waya mnene kutoka betri hadi stata, na kurudi kupitia waya wa ethi uliofungwa kwenye chasisi. Chubua mpira wa waya uliozeeka: shaba imekuwa ya kijani, inavunjika vidoleni. Weka mita, ncha moja kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye nati ya stata, mwenzako awashe gia ikiwa huru. Lori la volti 24 likionyesha volti moja au zaidi, umeme unapotelea njiani. Ethi nayo ipimwe hivyohivyo.

Ukibadilisha waya, fungua hasi ya betri kwanza. Nunua waya wa shaba wenye unene uleule au zaidi, vichwa vibanwe kwa koleo lake, siyo kusokotwa na kuviringishiwa selotepu.

Wenye malori, nawasihi: nunueni waya huo kabla ya msimu. Vijana wanaosukuma lori kwenye miteremko ya Newala wanaweza kukanyagwa nalo.