Chanjeni Kabla ya Mvua

Wanangu mnaochunga, nanyi mliorudi kutoka mjini kushika mazizi ya baba zenu, nina neno moja la kuwausia. Maradhi mengi ya mifugo yana majira yake. Mfugaji anayeyajua majira hayo huutangulia ugonjwa. Asiyeyajua huufuata nyuma akihesabu mizoga.

Anzeni na kimeta. Bakteria wake hujifunga ndani ya ganda gumu na kukaa udongoni kwa makumi ya miaka. Mwisho wa kiangazi, kule Monduli, Longido na Ngorongoro, nyasi hubaki vishina. Ng'ombe hung'ata hadi kwenye mizizi, akameza udongo na vumbi, na majani makavu yenye miiba yakamchubua mdomo. Hapo bakteria hupata mlango. Mvua za kwanza zikishuka, hukokota udongo na kuukusanya mabondeni, palepale panapochipua majani mabichi na kila mchungaji anapokimbilia. Ndiyo sababu vifo vya ghafla huja ukame unapoisha na mvua zinapoanza.

Wafugaji wa Ufaransa ya zamani walikuwa na malisho waliyoamini yamelaaniwa, kwa kuwa kila kundi lililopelekwa huko lilikufa. Mwanasayansi Louis Pasteur aliona kwamba chini yake ilikuwa imezikwa mizoga ya kimeta. Mwaka 1881, huko Pouilly-le-Fort, alichanja kondoo 24, kisha akawaambukiza kimeta pamoja na kondoo wengine 24 ambao hawakuchanjwa. Wasiochanjwa walikufa ndani ya siku chache, waliochanjwa walistahimili. Basi mzee akikwambia bonde fulani lisichungwe, usimcheke. Muulize ng'ombe waliangukia wapi na walizikwa wapi, kisha uwaoneshe wadogo zako.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Mnyama akifa ghafla, damu nyeusi isiyoganda ikamtoka puani, mdomoni au nyuma, na mwili usikakamae, msimpasue. Mkimpasua, bakteria hukutana na hewa na kujifunga ganda, nanyi mtakuwa mmeupanda ugonjwa katika malisho ya wajukuu wenu. Msimchune ngozi. Msile nyama yake, hata kwa kuichemsha mchana kutwa. Najua uchungu wa kuona nyama nyingi ikitupwa wakati watoto wana njaa, lakini mchuma janga hula na wa kwao. Kwa kimeta, msemo huo hutimia kwenye sufuria: mchunaji huota kidonda chenye gaga jeusi, na walaji huugua matumbo, wengine mpaka kufa. Mwiteni afisa mifugo. Mzoga uteketezwe au ufukiwe palepale ulipo, futi sita kwenda chini, mahali ambapo mbwa na fisi hawataufukua. Aliyeugusa aende hospitali upesi na aseme ukweli, kwa maana kimeta kikiwahiwa hutibika.

Chambavu nacho hupenda kipindi cha mvua, na huchagua. Huwaacha ng'ombe wazee waliokonda, huwakamata ndama na mitamba wa miezi sita hadi miaka miwili, wale walionona kuliko wote. Asubuhi mnyama anachechemea. Paja au bega limevimba, na ukilibonyeza linachakarika kwa hewa iliyo chini ya ngozi. Kesho yake amekufa. Kwa kuwa amekufa aliye mzuri zaidi, watu husema ni jicho la jirani. Nawasihi, msivunje ujirani kwa sababu ya chambavu. Bakteria wake walikuwa udongoni, na chanjo yake ipo.

Masika yakikolea, zizi linageuka tope. Kwato hulainika na kuoza, chuchu hulala kwenye kinyesi, na kiwele huvimba. Hameni zizi, au mwageni changarawe penye tope. Kabla ya kukamua osheni mikono, kausheni kiwele, na matone ya kwanza yakamulieni kwenye kikombe cheusi muone kama kuna mabonge. Mwenye ugonjwa akamuliwe wa mwisho.

Mbuzi waangalieni zaidi wakati wa mvua na baridi, wanapolala wamesongamana. Homa ya mapafu husafiri kwa pumzi na kikohozi. Mbuzi mliyemnunua mnadani mtengeni mwezi mzima kabla ya kumchanganya na wenzake. Wala msikimbilie penisilini: bakteria wa homa hii hawana ukuta ambao dawa hiyo huubomoa, kwa hiyo mtamaliza fedha na mbuzi atakufa. Mwacheni mtaalamu achague dawa.

Chanjo ya kimeta na ya chambavu ichomwe mwezi mmoja kabla ya msimu wa hatari, ili mwili upate nafasi ya kujenga kinga, na irudiwe kila mwaka. Ibebwe kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, maana chanjo iliyopigwa jua haikingi kitu. Ile ya kimeta ina bakteria hai waliodhoofishwa, kwa hiyo msiichome sambamba na antibayotiki. Dawa itaua chanjo yenyewe. Na kijiji kichanje pamoja, kwa sababu ng'ombe wenu wanakutana kwenye lambo moja.

Najua mtaniambia fedha hazipo. Kiangazi huwa hazipo kweli, na mnyama aliyekonda hana bei. Basi uzeni beberu mmoja angali amenona, fedha yake muiweke kando kwa ajili ya chanjo, na asiiguse mtu kwa harusi wala kwa simu mpya. Mkingoja ng'ombe wa kwanza aanguke ndipo mtafute sindano, mtakuwa mmelipa bei ya ng'ombe na bei ya sindano pia.