Je, Maziwa ya Mama Yamhusu Baba?

Wanaume wengi hujibu upesi: Mungu hakumpa mwanaume maziwa, basi kunyonyesha ni shauri la wanawake. Tuitazame hoja hiyo kwa makini.

Maziwa hufanyika katika mwili wa mama, kwa chakula alacho, maji anywayo na usingizi apatao. Mama anyonyeshaye huhitaji chakula zaidi ya desturi yake, kadiri ya kalori 500 kila siku. Tena hofu na uchovu huzuia maziwa yasitiririke vema, hata yakiwamo. Sasa, ikiwa mama aliyejifungua juzi yuko njiani na ndoo kichwani, naye bwana wake ameketi kivulini akingoja bugali, je, tuseme kwamba bwana huyo hahusiki?

Wako wanaochota maji na kupasua kuni, nao husema: «Ninamsaidia mke wangu.» Neno hilo silipendi. Asaidiaye hana deni. Baba analo, maana mtoto ni wake.

Lakini iko kazi ngumu kuliko ndoo. Shirika la Afya Duniani hufundisha kwamba mtoto anyonye tangu saa ya kwanza, asipewe kitu kingine, hata maji, mpaka miezi 6 itimie. Ndipo aanze kula, huku akiendelea kunyonya hata miaka 2 na zaidi. Bibi wa mtoto husema: «Jua ni kali, mpeni maji.» Husema kwa mapendo. Lakini katika sehemu 100 za maziwa ya mama, 87 hivi ni maji. Na maji yasiyo safi huleta kuhara, ugonjwa unaoua watoto wachanga. Mke akimbishia mama mkwe ataitwa mkaidi. Mwana ndiye awezaye kusema.

Je, atakuwa amevunja heshima ya mzazi? Hapana. Heshima humwamuru aseme kwa adabu, faraghani, bila kumwaibisha mama yake mbele ya mkewe, haimwamuru anyamaze. Akinyamaza, amemwachia mke wake vita asivyoweza kushinda.

Na yule mchimbaji aliye mbali huko Kolwezi, ambaye mkewe amebaki kijijini? Hawezi kuchota maji, wala kumpokea mtoto usiku ili mama alale. Lakini mama yake bado husikiliza sauti yake, na simu anayo.