Picha ya Kweli Yaweza Kumdhuru Mtu?

Zamani picha zenye kwenda zilikuwa kazi ya wachache. Katika miaka ya 1950 Mapadri Weupe walitengeneza filamu huko Bukavu, nayo kazi hiyo ilidai mashini za bei kubwa na mafundi waliofundishwa. Mwaka 2005 YouTube ilianzishwa Marekani. Leo kijana wa Kavumu mwenye simu na mega chache aweza kuwaonyesha watu wa ng'ambo soko la kwao kabla jua halijatua. Jambo hilo si baya. Mama aliye mbali aona arusi ya mwanawe.

Lakini kuna hili. Pikipiki yaanguka katika njia ya kwenda Bukavu. Mwanamke mzee amelala chini, nguo zimepasuka, analia. Watu kumi wamzunguka: mmoja amwinamia, tisa wainua simu. Jioni kilio chake chatazamwa na watu wasiojua hata jina lake, na kila atazamaye amwongezea mpiga picha sifa, pengine na fedha. Mpiga picha akiulizwa, hujibu: «Sikusema uongo. Mambo yalitokea kweli.»

Je, jibu hilo latosha? Hasha. Aibaye mbuzi hajitetei kwa kusema kwamba mbuzi ni wa kweli. Uso wa mtu katika mateso yake ni wake mwenyewe. Tena mbuzi aweza kurudishwa. Picha iliyokwisha kutoka hairudi, kwa maana wengine wamekwisha kuitwaa na kuieneza.

Mtu atauliza: Basi, mabaya yafichwe, waovu wafurahi? Neno hili ni zito, hasa katika nchi ya Kivu. Kavumu yenyewe imelijibu. Mwaka 2017 korti ya kijeshi iliketi hapo kuwahukumu watu waliowanajisi watoto wadogo. Maneno ya watoto yalikuwa yamekwisha kunaswa kwa kamera, wasipate kusimamishwa mbele ya washitakiwa. Na mashahidi wengine walifunikwa nyuso. Tarehe 13 Desemba watu 11 walipewa kifungo cha maisha. Kamera iliwaambia waamuzi yaliyotendeka, wala watoto hawakufanywa tamasha.

Mwanamke wa njiani hakuulizwa neno. Siku ya tatu, angali kitandani, mjukuu wake aja na simu ya jirani, amwonyesha jinsi alivyolia.