Nyumba Moja ya Mbagala



Someni kwanza Luka mlango wa 10, tangu mstari wa 1 hata wa 9, ndipo msome maneno yetu haya. Pale Bwana awatuma wanafunzi sabini, wawili wawili, pasipo mfuko, waende kila mji aliokusudia kufika yeye mwenyewe. Awaagiza tena, wakipokelewa nyumbani mwa mtu, wasihamehame, bali wale chakula cha nyumba ile. Sisi wahubiri tumezoea kulisoma fungu hili kwa ajili ya mavuno na uchache wa wavunaji; agizo la kukaa na kula twalipita mbio. Nasi tulilipita hivyo hivyo tulipokwenda Dar es Salaam.

Tulikuwa watu wanane wa sharika za Kisii. Tulitoka Kenya kwa basi, tukavuka mpaka Namanga, tukaenda kujitolea siku kumi na mbili huko Mbagala, katika Temeke, kando ya barabara iendayo Kilwa. Tulichukua rangi ya kupaka kuta za darasa la watoto, na daftari. Mtu asidhani ya kuwa tuliwapelekea watu wale jambo geni. Wamisionari wa Kilutheri walifika Dar es Salaam mwaka 1887. Kwetu Kisii, Waswidi walianza kazi Itierio mwaka 1948 tu. Na katika siku za vita vya 1914–1918 na baada yake, Wajerumani walipokwisha kuondolewa, walimu Waafrika kama Martin Ganisya ndio waliolichunga kundi la mji ule. Tulikuwa wadogo tukienda kwa wakubwa. Walakini tulikwenda kana kwamba sisi ndio wakubwa.

Aibu ilianza mapema. Kijana wetu mmoja alimkuta mzee barazani, akamwambia, “Habari yako?” Mzee akamtazama kimya. Mwinjilisti wa mtaa akamnong'oneza kijana, naye akarudi, akasema, “Shikamoo, mzee.” “Marahaba, mwanangu. Karibu.” Mzee yule ni Mwislamu, na tangu siku ile yeye ndiye aliyetuonyesha njia katika vichochoro vile vya mchanga.

Kwa siku tatu tulizuru nyumba 31. Kila nyumba tuliimba, tukasoma, tukaomba, tukaandika hesabu. Jioni ya siku ya tatu tukamsomea mwinjilisti hesabu yetu kwa furaha. Akauliza kwa upole, “Mchungaji, nyumba ya tisa mlimkuta nani?” Tukatazamana. Akauliza nyumba ya kumi na nne. Hapana aliyejua jina.

Kesho yake aliturudisha katika nyumba moja, ya Bibi mjane. Kuta zake zina nyufa tangu tarehe 29 Aprili 2009, siku ghala la silaha la jeshi lilipolipuka pale Mbagala, hata watu zaidi ya 20 wakafa. Ndani amelala mwanawe, mtu mzima, aliyepooza miguu. Safari ya kwanza tulisimama mlangoni, tukaimba beti mbili, tukaenda zetu. Wala hatukujua ya kuwa mna mgonjwa ndani. Jambo hili latuuma hata leo.

Siku ile tulikaa tangu asubuhi hata jioni. Tuliona jirani, mama wa Kiislamu, akileta ndoo mbili za maji, kama aletavyo kila siku, wala hapana daftari lililomwandika. Wawili wetu wakamwosha mgonjwa, kijana wetu wa salamu akamnyoa ndevu. Bibi akaazima sahani kwa jirani, akatupakulia wali na tembele. Tukasita, maana tulijua ya kuwa chakula kile si cha siku moja. Akasema, “Kuleni, wanangu. Mkikataa, mtanifanya maskini.”

Ndugu, hapo ndipo tulipoanza kufahamu agizo la Bwana. Alaye kwa mtu hawezi tena kusimama juu yake. Wale sabini walikwenda bila mfuko, basi wakamhitaji mwenye nyumba. Sisi tulikuwa na rangi, hatukumhitaji mtu. Tena wao walitangulia tu, maana mwenye kungojewa alikuwa nyuma yao.

Siku ya kuaga, Bibi ndiye aliyetuombea sisi. Kisha akauliza, “Mtarudi lini?” Kijana akajibu upesi, “Mwakani, Bibi.” Sisi tulijua ya kuwa hapana fedha, tukanyamaza. Nako kunyamaza kwetu kulikuwa uongo.

Mwaka umepita. Mwinjilisti ametuandikia kwamba Bibi amesuka mkeka wa wageni, naye auliza habari zetu kila Jumapili. Katika baraza la wazee wengine wamesema ya kuwa nauli ya watu wanane ingalinunua kiti cha magurudumu. Wamesema kweli, nasi twakichangia kiti hicho sasa. Lakini barua yasema mgonjwa hakuuliza habari za kiti. Aliuliza kama yule kijana aliyemnyoa yu mzima.

Basi tumekubaliana kwamba wawili watakwenda mwezi wa nane, kijana yule na mmoja wetu, nao watakaa kwa Bibi siku zote kumi na mbili, kama atawapokea. Tumekwisha kumwandikia hivyo, na kumwungamia habari ya kunyamaza kwetu. Jibu halijafika.