Kijiwe Mkononi mwa Mtoto

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Lesoni ya Juma Hili: Yoshua 4, Kut. 31:1–6, 35:30–35, Kumb. 6:4–9, 20–25, Luka 2:41–52, Kol. 3:21.

Fungu la Kukariri: Yoshua 4:21, 22. Lisome kwa sauti pamoja na watoto wa nyumbani, kisha waache wao walikariri kwanza.

Shule zinapofungwa, mzazi huhesabu mambo mengi: nauli, chakula, nani atabaki na watoto mchana. Katika Kumbukumbu la Torati 6:7 Musa anataja nyakati za kuzungumza na watoto habari za Mungu, na mojawapo ni wakati wa kutembea njiani. Mtoto wa siku hizi huondoka nyumbani kabla ya jua na kurudi jioni na begi la mazoezi. Njia anayotembea pamoja na mzazi wake, kwa wengi, inapatikana wakati wa likizo tu.

Mwaka juzi, wakati wa likizo, familia chache za kanisa letu tulisafiri hadi Jordan. Nilikwenda na mtoto wa kaka yangu, mvulana wa miaka tisa. Juma hili nitasimulia tulichojifunza huko kuhusu mawe, pamoja na kosa nililomfanyia mtoto huyo. Niliulizwa kama ninataka kweli liandikwe. Nilisema ndiyo.

JUMAPILI: Mtoto Ndiye Anayeanza

Soma Yoshua 4:1–7, 19–24. Katika mafungu haya, nani anafungua mazungumzo?

Israeli wamevuka Yordani. Wanaume kumi na wawili, mmoja kwa kila kabila, wanarudi mtoni na kubeba mawe mabegani kutoka mahali miguu ya makuhani iliposimama. Yoshua anayasimamisha Gilgali. Halafu inakuja sehemu ambayo sisi walimu huisoma haraka. Mara mbili katika sura hii mpangilio ni uleule: mtoto anauliza, ndipo mzazi anajibu. Ndivyo ilivyo pia kuhusu Pasaka katika Kutoka 12:26, na kuhusu sheria katika Kumbukumbu 6:20.

Mungu angeweza kuagiza watoto wakusanywe na kuhutubiwa. Badala yake aliweka mbele ya macho yao kitu kitakachowasumbua mpaka waulize. Mawe ya mtoni, yaliyolainishwa na maji, yamesimama nchi kavu. Mtoto yeyote mwenye akili angetaka kujua yamefikaje hapo.

Darasani mwetu mara nyingi tunajibu maswali ambayo hakuna mtoto aliyeyauliza, kisha tunashangaa wanaposinzia.

Fikiria swali la mwisho ambalo mtoto alikuuliza kuhusu Mungu. Ulikuwa wapi, na ulikuwa na haraka ya kwenda wapi?

JUMATATU: Ramani Sakafuni

Soma Yoshua 13:8, 9, 16 na Kumbukumbu 34:1–6.

Mji wa Madaba ndio Medeba ya Biblia, uliokuwa katika eneo walilopewa Wareubeni. Leo watu huuendea kwa ajili ya mozaiki, yaani picha zinazotengenezwa kwa kupanga vijiwe vidogo vya rangi, kimoja kimoja. Ndani ya kanisa la Kiorthodoksi la Mtakatifu George iko sakafu yenye ramani ya nchi za Biblia iliyopangwa katika karne ya 6. Sehemu kubwa imeharibika, lakini kilichosalia kinatosha kumfanya mtu mzima apige magoti ili asome. Majina yameandikwa kwa Kigiriki. Mashariki ndiyo iko juu. Yerusalemu inaonekana na kuta zake na barabara yake yenye safu za nguzo. Yeriko imezungukwa na mitende.

Watoto hawakujali nguzo. Waliwaona samaki. Katika mto Yordani mafundi wale waliweka samaki, na mmoja wao amegeuka, anaikimbia Bahari ya Chumvi ambamo samaki haishi. Mtoto wa kaka yangu alicheka kwa sauti kanisani. Nikamkanya. Yule samaki anachekesha kweli, na nadhani fundi aliyempanga alitaka tucheke.

Kisha kiongozi wetu akatuonyesha sehemu ya Gilgali. Palipoandikwa jina hilo, pameongezwa kwamba ndipo mahali pa Mawe Kumi na Mawili. Zaidi ya miaka 1,400 iliyopita fundi mmoja alipiga magoti hapo na kuandika habari za Yoshua 4, kwa mawe. Nilitaka kueleza. Tayari nilikuwa na hotuba kichwani. Lakini mtoto alikuwa bado na samaki wake.

(Yuko ndugu atakayeuliza kuhusu amri ya pili. Swali zuri. Kwenye ramani hiyohiyo mna mashua zenye watu ambao nyuso zao zilivurugwa baadaye, vijiwe vikaondolewa na kurudishwa bila sura. Waliokuwapo kabla yetu walilijadili jambo hilo kwa uchungu. Sisi tulikwenda kusoma sakafu. Hatukwenda kuiinamia kwa ibada.)

JUMANNE: Aliyejazwa Roho Ili Akate Mawe

Soma Kutoka 31:1–6 na 35:30–35. Bezaleli alipewa nini, na alitakiwa akifanyie nini?

Bezaleli anatajwa kuwa amejazwa Roho ya Mungu kwa ajili ya kazi za mikono, na kukata mawe kumo katika orodha. Sura ya 35 inaongeza kwamba yeye na Oholiabu walitiwa moyoni uwezo wa kuwafundisha wengine. Kujua kazi ni karama, na kumfundisha mwingine aifanye kwa mikono yake ni karama nyingine. Wengi wetu tuna ile ya kwanza. Ellen White, katika kitabu chake kuhusu elimu kilichotoka mwaka 1903, alitenga sura nzima kwa ajili ya mafunzo ya kazi za mikono. Tunaitaja sana sura hiyo kwenye semina.

JUMATANO: Karakana

Kutoka Madaba hadi Mlima Nebo ni kama kilomita 10, na njiani zipo karakana za mozaiki zinazopokea wageni. Tuliingia katika mojawapo na watoto wanne. Fundi, mama wa makamo, alimpa kila mtoto kipande cha kitambaa, koleo ya kukatia na bakuli la vijiwe. Vijiwe vile havikupakwa rangi. Ni mawe yalivyotoka ardhini: meupe, mekundu, meusi, ya manjano. Gundi yake ni uji mzito wa unga wa ngano, kama ule tuliogandishia bahasha utotoni.

Akawaeleza watoto namna ya kufanya. Picha inachorwa juu ya kitambaa. Kila kijiwe kinabandikwa uso wake ukielekea chini. Kitambaa kikijaa, saruji inamiminwa juu ya migongo ya mawe. Saruji ikikauka, kazi inageuzwa, kitambaa kinaloweshwa kwa maji, gundi inalainika na kitambaa kinabanduka. Hapo ndipo uso unaonekana kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo anayefanya kazi huona migongo tu, na kila kitu hukipanga kinyume, kulia kuwe kushoto, kama mtu anavyojiona kwenye kioo.

Maneno hayo ya mwisho mimi sikuyasikia. Nilikuwa mlangoni napiga picha kwa simu ili niitume kwenye kundi la kanisa.

Mtoto alichagua samaki, yule anayegeuka. Juu yake akapanga E, herufi ya kwanza ya jina lake. Huyu ni mtoto ambaye darasani hawezi kutulia dakika kumi. Mwalimu wake wa Shule ya Sabato amenilalamikia zaidi ya mara moja. Siku ile alikaa saa nzima, ulimi nje, akichagua kijiwe, akikirudisha, akichagua kingine. Hakuna aliyemwambia atulie.

Alipokwenda kunawa mikono niliinama kutazama kazi yake. Samaki alikuwa mzuri. Lakini E ilikuwa imegeuka, mikono yake mitatu ikielekea kushoto. Nikafikiri: maskini, miaka tisa na bado anageuza herufi. Gundi ilikuwa mbichi. Nikavibandua vijiwe vya ile mikono mitatu, nikavipanga upande wa kulia, nikasawazisha kwa kidole. Aliporudi nilikuwa nimeshanawa. Saa hiyohiyo fundi akakikusanya kitambaa pamoja na vingine, akatuambia turudi baada ya siku tatu.

Je, umewahi kusahihisha jambo la mtoto kabla ya kumwuliza alikusudia nini? Mtaje mtoto huyo mbele za Mungu katika maombi yako leo.

ALHAMISI: Walidhani

Soma Luka 2:41–52. Yusufu na Mariamu walikosea wapi?

Hii nayo ni habari ya familia iliyo safarini. Wazazi wale walimpenda mtoto wao. Kosa lao limo katika fungu la 44: walidhani. Walidhani wanajua alipo, wakaenda mwendo wa siku nzima kwa kudhani huko. Walipompata, mvulana wa miaka 12 alikuwa katikati ya walimu, masikio wazi, maswali yakimtoka, na wazee wale hawakumfukuza. Tumezoea kusifu majibu yake, lakini tuwasifu kidogo na walimu waliokubali kuulizwa na mtoto.

Sasa soma Wakolosai 3:21. Paulo anahofia kwamba mtoto anayesumbuliwasumbuliwa na wakubwa wake atavunjika moyo. Mtoto aliyevunjika moyo si lazima apige kelele. Mara nyingi hunyamaza, na sisi tukiona kimya hicho tunakiita adabu. Nimehudumu katika idara ya elimu ya kanisa kwa miaka mingi, na nimewaona vijana wakiondoka kimyakimya. Wapo ambao hawakugombana na mtu yeyote wala na fundisho lolote. Tulikuwa tumewafanyia kila kitu: tukawaandikia hotuba za Siku ya Vijana, tukawachagulia nyimbo, tukasahihisha hata sala zao. Siku waliyotakiwa kuonyesha kitu kilicho chao, hawakuwa nacho.

Tulirudi karakana siku ya tatu. Fundi alizigeuza kazi za watoto moja moja, akazimwagia maji na kubandua vitambaa taratibu. Samaki wa mtoto wa kaka yangu alitokea, anaangalia upande ule alioutaka. Juu yake ikatokea E, imegeuka.

Aliitazama. Kisha akanitazama mimi.

“Shangazi, mimi nilikuwa nimeiweka sawa.”

Hakulia. Fundi alielewa mara moja. Akasema anaweza kupasua sehemu ile na kuipanga upya, bila malipo. Mtoto akatikisa kichwa. Garini alikaa kiti cha nyuma.

Mchana ule tulipanda Nebo. Tulisimama mahali ambapo macho hushuka hadi bonde la Yordani na ng'ambo yake kuelekea Yeriko, na mimi sikuwa na hotuba tena. Ilinichukua mpaka jioni kumwomba msamaha. Nina stashahada ya theolojia, nafundisha walimu, na maneno matatu kwa mtoto wa miaka tisa yalinishinda kwa saa sita. Nilipoyasema alinyamaza kidogo, kisha akauliza, “Yale mawe kumi na mawili bado yapo kule chini?”

Hapo ndipo tulipoisoma Yoshua 4, juu ya kitanda cha hoteli, kwa sababu alikuwa ameuliza. Nilimwambia sijui yalipo leo. Akasema labda yalichanganyika na mengine, kama vijiwe vinavyomwagwa nje ya bakuli. Akasoma sura nzima mwenyewe. Alipokwama penye jina, alinitazama, nikangoja, akaendelea.

Je, katika kanisa lako yupo mtoto anayestahili kuombwa msamaha na mtu mzima? Nani atakwenda kwake, na lini?

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Soma Zaburi 78:1–8 na Kutoka 12:24–27. Angalia jinsi habari inavyopita kutoka kizazi kimoja hadi cha pili na cha tatu, na ni wapi mnyororo huo unaweza kukatika.

Ile mozaiki iko sebuleni kwa kaka yangu, juu ya kabati la vitabu, ukubwa wa kitabu cha nyimbo. Mtoto mwenyewe ndiye aliyechagua iwekwe hapo. Wageni wazima huipita. Kila mtoto anayeingia husimama na kuuliza kwa nini E imegeukia nyuma. Mimi nikiwapo, mwenye E hasemi kitu. Huniangalia tu, akingoja nieleze mwenyewe.

Maswali ya Kujadili:

1. Taja kitu kimoja nyumbani kwako, au katika jengo la kanisa lenu, ambacho mtoto akikiona angeuliza habari za matendo ya Mungu. Kama hakipo, familia yako inaweza kutengeneza nini kwa mikono yao katika likizo hii? Kitu hicho kisigharimu pesa nyingi. Mawe ya Gilgali yaliokotwa.

2. Katika darasa lenu la watoto, na katika vyama vya Wavumbuzi na Watafuta Njia, ni kazi zipi ambazo kwa kweli hufanywa na watu wazima kisha kuonyeshwa kama za watoto? Chagueni moja ya kuwarudishia robo ijayo, na mkubaliane mapema mtavumilia nini kikienda kombo.

3. Mwulizeni mtoto mmoja aliyepo Sabato hii ana swali gani. Mwacheni amalize kuuliza.