Kovu na Macho ya Watu

Binti wa jirani yangu ameacha kwaya kwa sababu ya makovu ya chunusi. Nilimkuta akijipaka maji ya limau na dawa ya meno. Nikamwambia: "Mjukuu wangu, hivyo vitakuunguza. Na krimu zenye zebaki zimepigwa marufuku, hudhuru figo. Nawa taratibu kwa sabuni isiyo kali, usitumbue, jikinge na jua. Alama nyeusi hufifia kwa miezi; mashimo hayaondolewi na dawa za nyumbani."

Alinisikia, lakini hakurudi. Nikawaza: bibi zetu wa Kimakonde walichanjwa nembo usoni, wakapakwa unga wa mkaa ili kovu lisifutike. Asiyechanjwa ndiye aliyechekwa. Leo anachekwa mwenye kovu. Basi aibu haikai katika ngozi. Hukaa katika macho yetu tutazamao.

Neno hili halimwondolei binti uchungu, maana hakuzichagua alama zake. Bali latuonyesha ni nani anayehitaji dawa kwanza. Bwana wetu alipofufuka hakumficha Tomaso makovu yake. Binti akirudi, tuitikie shikamoo yake bila kumkagua uso.