Je, Mtu Apimwe kwa Kundi Lake?

Hakimu anapomwachia mkosaji atumikie adhabu nje ya gereza, chini ya ofisa wa probesheni, hana budi kujiuliza: huyu atarudia kosa? Zamani alitegemea busara yake. Leo huko Marekani mahakama nyingi husaidiwa na kompyuta. Chombo kimoja, kiitwacho COMPAS, hukusanya habari za mkosaji na kumpa alama, toka 1 mpaka 10. Mwenye alama kubwa huhesabiwa kuwa wa hatari.

Mwaka 2016 waandishi wa ProPublica walichunguza alama za watu zaidi ya 7,000 waliokamatwa wilaya ya Broward, jimbo la Florida. Kati ya wale ambao hawakurudia kosa, karibu Weusi 45 katika kila 100 walikuwa wameitwa wa hatari. Weupe hawakufika 24. Wenye chombo wakajibu kwamba alama ile ile huonyesha hatari ile ile kwa watu wa rangi zote. Wajuzi wa hesabu wakathibitisha kwamba, makundi yakitofautiana kwa idadi ya wanaokamatwa tena, mizani hizo mbili haziwezi kusawazishwa pamoja. Na kukamatwa nako hutegemea polisi wanazunguka wapi.

Basi hesabu imefika kikomo. Lililobaki ni swali la haki. Tuogope lipi zaidi: kumwachia atakayerudia, au kumfunga asiyerudia?

Sisi tuliofundisha twajua kwamba darasa likiwa dhaifu, twaweza kuliongezea masomo. Hatuwezi kumfelisha mtoto kabla hajafanya mtihani. Lakini chombo kile huuliza hata kama mzazi wa mtu aliwahi kufungwa! Nabii Ezekieli, katika sura ya 18, alikwisha kukataa mwana abebeshwe hatia ya baba yake.

Mwaka huo huo Mahakama ya Juu ya Wisconsin iliruhusu alama hizo zitumike, ila zisiamue mtu afungwe au la, wala kwa muda gani. Twaona ni hekima. Alama ionyeshe nani ahitaji msaada zaidi. Adhabu na ifuate alilotenda mtu mwenyewe.

Hapa kwetu, ofisa wa probesheni huja mtaani kuuliza habari za mkosaji. Hapo chombo cha kupimia ni sisi. Tusiseme samaki mmoja akioza wote wameoza. Tumweleze tunayoyajua juu ya mtu huyo, si sifa za ukoo wake.